Kwa Nini Walimu wa Muungano Hukaa Wamechanganyika

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Shule ya Zamani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binti yangu,

Shikamoo yako imefika salama, na marahaba yangu naituma kwa njia ileile. Natumaini mafua yaliyokusumbua yamekwisha na kwamba unakula vizuri, maana mwalimu mwenye darasa lililojaa kama lako hawezi kuishi kwa chai. Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hulalamika ninapopanda ngazi. Nayasikiliza kwa heshima, kisha napanda. Baba yako hajambo. Shangazi yako anasema umeacha kumwandikia. Hajanuna, ila anataka ujue kwamba hajanuna.

Sasa nije kwenye barua yako. Unasema chama chenu cha walimu wa milimani kitapiga kura mwisho wa mwezi, kijitoe katika Muungano au kibaki, na kwamba pande mbili zimelingana, hivyo wewe mjumbe mpya ndiye utakayeamua. Wenzako hawaoni sababu ya kugoma kwa ajili ya walimu wa bondeni, ambao wameanza tena kupigwa na watu wa mkuu wa wilaya yao. Halafu umeniuliza, nadhani kwa mzaha, kwa nini katika vikao vya Muungano wajumbe wa chama kimoja hawaruhusiwi kukaa pamoja, "kama watoto watundu." Umemwomba historia mwalimu mstaafu wa historia. Basi kaa kitako.

Zamani hapakuwa na Muungano. Palikuwa na vyama vitatu, chetu cha milimani, cha bondeni na cha mjini, kila kimoja na mhuri wake na majivuno yake. Tulikutana kwenye mashindano ya michezo ya shule tu, na hata huko tuligombana kuhusu waamuzi.

Kisha mkuu wa wilaya ya bondeni wa wakati ule akataka wanafunzi watolewe kwenye chumba cha mtihani, wakasimame barabarani kumwimbia mgeni wake. Mwalimu mkuu mmoja, mwanamke mfupi aliyeitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake, alikataa. Alisema watoto wataimba wakimaliza kuandika. Watu wa mkuu wa wilaya walimburuta kwa nywele kupita katikati ya madawati, wakampigia mlangoni, watoto wakitazama, mpaka mbavu zikavunjika. Walimu wa bondeni wakafunga shule zao zote. Sisi wa milimani tulituma pole, tukaendelea kufundisha. Tulisema yale ni ya bondeni.

Baadaye wakaomba vyama vyote vitatu vikutane, nasi tukawapa ukumbi wa sekondari yetu. Hapo tulifanya kosa ambalo walimu peke yao wangeweza kulifanya. Tulipanga ukumbi kama darasa. Viti vilinyooshwa kwa kamba, na mbele ya kila safu tukasimamisha kibao chenye jina la chama, kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka mlangoni. Mwandiko ule ulikuwa wa baba yako. Alikuwa katibu wetu, na hakuna aliyemshinda kwa mkono mzuri.

Watu wa mkuu wa wilaya waliingia asubuhi, Kengele akiwa bado anazungumza mbele yetu, kifua kimefungwa bendeji. Walikuwa wengi, na mikononi walishika mipini ya majembe na vipande vya mabomba. Kiongozi wao alivaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Baadaye nilielewa kwamba hakutaka kuchafua shati. Hakupaza sauti. Alivisoma vibao kimoja baada ya kingine, akasema, "Asanteni walimu, mmeturahisishia kazi. Milimani na mjini, nendeni ukutani mkapumzike. Hatuna neno na nyinyi."

Watu wakaenda ukutani. Siwalaumu. Ukiona bomba la chuma limeinuliwa, miguu huamua kabla ya kichwa.

Wakaanza safu ya bondeni kutoka kiti cha kwanza. Nakueleza haya kwa sababu umekwisha kuwa mtu mzima na una kura mkononi. Wa kwanza alipigwa sikioni, damu ikaruka mpaka kwenye kibao. Wa pili aliinua mikono kujikinga. Mikono ikavunjwa yote miwili, na mlio wake niliusikia nikiwa upande wa pili wa ukumbi. Mwalimu wa sayansi, mwembamba hata tukamwita Chaki, alijiviringisha chini ya kiti. Walikitupa kiti pembeni, wakamkanyaga kichwa mpaka akaacha kusogea. Mayowe yalikuwa mengi, lakini kinachonirudia zaidi ni mmoja wa wapigaji akihema kama mtu anayechanja kuni na kumwambia mwenzake, "Shika upande huu, mimi nimechoka."

Ndipo baba yako akatoka ukutani. Hakukimbia. Alivuka ukumbi, akakiinua kiti cha Chaki, akakirudisha kwenye mstari, akakaa.

Mwenye koti akamtazama. "Wewe si ulikuwa kule?"

"Sasa niko hapa."

"Mwalimu, usinichezee. Wewe wa wapi?"

"Soma kibao," baba yako akamwambia.

Bomba lilimpata kwenye taya. Meno yalimwagika mapajani, naye hakuinuka. Wewe umemzoea baba mwenye maneno machache yanayotoka kwa shida. Sasa unajua aliyapeleka wapi mengine. Kisha mwalimu wa hisabati wa mjini, mama mnene ambaye hata ngazi zilimshinda, akaja akakaa kando yake. Njiani alimtandika mtu mmoja kwa mkoba wake, na ndani ya mkoba mlikuwa na bikari ya ubaoni ile ya mbao, kwa hiyo yule mtu alikaa chini. Mimi nikafuata, na bega langu bado linajua ni lini mvua inakuja. Wakafuata wengine. Safu ile ikajaa, watu wakakaa sakafuni, wakakaa juu ya wenzao.

Usidhani wale watu walitubu. Walitupiga mpaka mipini ikavunjika. Lakini hawakujua tena nani wa bondeni na nani si wa bondeni, na kipigo kilichokusudiwa kumaliza safu moja kikaenea ukumbi mzima. Kengele tulimtoa akiwa hai chini ya miili yetu, akitugombeza kwamba tunamnyima hewa. Chaki tulimzika wiki ile, pamoja na mwalimu mmoja wa mjini aliyevuja damu ndani kwa ndani bila mtu kujua.

Muungano ulizaliwa wodini, binti yangu, vitanda vya vyama vitatu vikiwa vimechanganywa na wauguzi ambao hawakujua mambo yetu. Ndiyo maana kifungu cha kwanza cha katiba yetu hakihusu mishahara wala vyeo. Kinasema wajumbe wa chama kimoja wasikae pamoja, na vibao visiwekwe. Anayeingia mlangoni kwa nia mbaya asikute kazi yake imerahisishwa.

Lakini sikupi hadithi ya malaika. Katika mgomo wetu wa kwanza wa pamoja, wanachama wetu walimkamata mwalimu mmoja aliyeendelea kufundisha. Walimjaza chaki mdomoni, wakamvunja vidole vya mkono wa kuandikia, kimoja kimoja, wakicheka. Baba yako aliposikia, alijiuzulu ukatibu siku hiyohiyo, na kila Ijumaa akawa anakwenda kumsahihishia yule mwalimu madaftari mpaka vidole vilipounga. Hawakupata kuwa marafiki. Yule mtu alikuwa akimfungulia mlango, anamwonyesha lundo la madaftari, basi.

Tena walimu wa mjini waliwahi kujitoa, kwa sababu zilezile unazoziandika. Kabla mwaka haujaisha ofisi yao ilichomwa moto, na mlinzi alikuwa ndani. Waliporudi kikaoni hakuna aliyewauliza kitu. Tulisogeza viti tu, mmoja huku, mwingine kule.

Sasa ya nyumbani. Majuma mawili yaliyopita alifika hapa mwalimu wa darasa la kwanza kutoka bondeni, msichana wa umri wako, mkono umevunjwa na jicho limefungwa kwa uvimbe. Walimpiga kwa waya wa umeme mbele ya watoto wa miaka sita. Aliambiwa barabarani kwamba nyumba hii ina mtu wa Muungano. Shangazi yako alimwogesha kama mtoto, akilaani mfululizo kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Mgeni wetu hapendi ukimya. Jana alimwambia baba yako, "Mzee, nimekusimulia mambo yangu yote, wewe hata kikohozi hunipi."

"Naweka akiba," baba yako akasema.

"Ya nini?"

"Nitakapokuwa mzee."

Alicheka mpaka akashika mbavu, maana nazo zinauma.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, kila mtu akisikia, sehemu ya kura nikaisoma mara mbili. Yule msichana alitazama sahani yake. Nikamwuliza baba yako nikuandikie nini.

"Usimwambie la kufanya," akasema. "Mimi siku ile sikumwuliza mtu."

Kwa hiyo sikuambii. Nimekueleza ilivyokuwa, na kura ni yako.

Shangazi yako anakusalimu na anasubiri barua. Baba yako anakusalimu. Mgeni wetu naye anakusalimu ingawa hamjuani, na anaomba radhi kwa kulalia kitanda chako. Juzi walikuja wanaume wawili, wakauliza kwa adabu kama hapa kuna mtu wa bondeni. Shangazi yako aliwajibu kwamba hapa sote ni wa bondeni, waanze na yeye. Waliondoka, wakasema watarudi. Tangu hapo baba yako anatandika godoro lake nje ya mlango wa chumba chako. Ukija likizo itabidi ulale na shangazi, na ujue kabisa kwamba usingizini anapiga mateke.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na akupe usingizi mwema siku ya kura na siku zote zitakazofuata.

Ni mimi nikupendaye sana,
Baba Mkubwa