Ukuta wa Kisima cha Mulot

Mpendwa Baba,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na bado sijalia. Watu wa kanisa wameacha kuja. Mama anakamua ng'ombe, mimi nachuma majani chai na kuyapeleka kituoni, na siku inaisha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililonyamazia, na wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kustahili kuambiwa.

Ulichimba visima tangu sijazaliwa, kutoka Ndanai mpaka Litein. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukirudi na madonge ya udongo mfukoni, ukinionyesha jinsi ya kuyasaga kwa meno ya mbele. Likikwaruza ni tope. Likiteleza kama siagi ni udongo wa mfinyanzi. Nilipoenda chuo kikuu kusomea miamba, mwalimu alitufundisha vilevile, nikacheka peke yangu darasani.

Kila likizo ulitaka nikusomeshe na wewe. Jioni moja jikoni, Mama akisonga ugali, nilikueleza kuhusu miamba ya mashapo. Nilikuambia kwamba jua na mvua huvunja mawe ya zamani, mito ikabeba vipande, na mahali maji yanapopunguza mwendo vikatua: kokoto kwanza, kisha mchanga, mwisho tope. Tabaka hulalia tabaka, uzito ukiyabana ya chini, na madini yaliyomo kwenye maji yanayopenya katikati hugandisha punje mpaka zikawa jiwe. Ukauliza, na magadi je? Nikasema hiyo ni jamii nyingine, inayobaki maji yakikauka. Ya tatu ni ile ya viumbe: chokaa ya makombe, makaa ya mimea iliyozikwa. Ulitafuna polepole, ukasema wasomi wamegawa vizuri, maana wanauliza kila jiwe limetoka wapi.

Halafu ikaja kazi ya Mulot, kwa yule mkulima wa ngano. Ulikuwa umefika kina cha futi thelathini ukaniomba nije nione ukuta kabla sijarudi chuoni. Wenzako wawili wakanishusha kwa kamba. Niliugusa ukuta, na punje zikamwagika chini ya ukucha wangu.

"Ni jiwe la mchanga, Baba," nilikuambia nilipotoka. "Maji yako chini yake."

Ukawageukia wenzako, ukawaambia huyu ndiye daktari wa mawe. Hukuwa umewahi kunitazama vile. Mimi nilijua kwamba mchanga ule ulikuwa haujagandishwa vizuri, na kwamba hakuna mtu aliyepaswa kushuka tena kabla ya kuwekwa pete za saruji za kuushikilia ukuta. Sikusema. Nilikuwa nimefurahia kusifiwa, na nilidhani fundi kama wewe haambiwi jambo kama hilo na mtoto.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilipanda gari nikaondoka, nawe ukashuka. Ukuta ukakuporomokea, wakakuchimbua mpaka jioni.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya viazi, mimi na Mama, nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Aliweka kisu kwenye sufuria, akasema jioni ile ulipofika nyumbani ulimwambia ukuta umelegea na pete zitaletwa Ijumaa.

"Nilimwambia angoje," Mama alisema. "Akasema anamalizia futi mbili tu. Hakutaka ujue, usije ukaogopa ukakosa kurudi shule."

Akachukua kisu akaendelea kumenya. Nilingoja nihisi mzigo umeshuka, au hasira, au chochote. Viazi vilikuwa vingi, tukavimaliza.

Kwa hivyo tulijua sote wawili, Baba. Tulisimama kando ya shimo lile, kila mmoja akimchunga mwenzake, na hakuna aliyefungua mdomo.

Jumatatu narudi chuoni. Mama amesema nisipoenda atanisindikiza mwenyewe mpaka mlango wa chuo. Kaa vizuri huko uliko. Mimi nitakaa hivi nilivyo, bila machozi, mpaka hali ibadilike.

Binti yako wa kwanza,
Chebet