Kibati cha Trekta ya Baba Yako

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tatu 1956

Kwa mutoto wangu Raphaël, kule Albertville,

Jambo sana, mwanangu. Uko muzima? Muke wako Félicité iko na nguvu? Kale katoto kenu kanatembea sasa? Nyanya yako Marthe anakusalimia, magulu yanamuuma lakini mudomo ungali na nguvu. Dada yako Georgette anakusalimia. Baba yako mudogo Alphonse anakusalimia, yeye ndiye anapeleka chakula Fizi. Mi niko tu.

Raphaël, bamemufunga baba yako Casimir mu buloko ya Fizi, leo siku ya kumi na mbili.

Ni juu ya ile trekta, ile batu banaita Mbuzi ya Casimir, sababu inakohoa mbele ya kutembea. Aliinunuaka kwa Mugiriki wa Lulimba, imekufa, majani yameota ndani. Akaitia motere ya kamiyo, injini ya lori, akaifanyia tanki na pipa. Mugiriki alirudi kwao, akafia kule, karatasi hakuna. Sasa muzungu mupya wa Serikali anasema ni ya wizi: kila trekta inakuwaka na kibati cha namba, hii iko na matundu mane tu, nani anang'oaka kibati kama si mwizi? Baba yako akaapa kama haikukuwa na kibati hata siku moja. Alphonse alimuuliza tena, akakasirika, akasema hata we ndugu yangu unaniona mwizi. Juma mbili zikipita batamupeleka ku tribunal ya Uvira, bamuhukumu.

Nilienda Lulimba kwa magulu, siku tatu, kuuliza ilitoka wapi. Muzee Fabien, mupishi wa Mugiriki, aliniambia ilinunuliwa kwenu Albertville, ku ateliye, kule banatengeneza gari la moshi, na kule bako na kitabu cha namba na majina ya banunuzi. Akaniuliza namba. Nikamuaga, nikarudi Baraka.

Mwanangu, usinichukie. Kibati kilikuwako. Ni mimi nilikitoa. Trekta ilivutwa na ng'ombe mpaka kwetu, udongo mutupu, na baba yako akaenda Misisi kutafuta motere. Juma ile ndiyo mutoto wetu Constance alikufa. Misalaba ya batoto bengine ilikuwa na maandiko, wake hapana. Mi nilijifunza kusoma kidogo tu mu katekisimo. Nilipangusa udongo, nikaona kinang'aa, nikafikiri maandiko ni maandiko. Nikakifungua na kisu, nikakipigilia ku musalaba wake. Baba yako aliporudi alifikiri ni bamasera, basista ba misioni, balikiweka, mi sikumusahihisha. Hasemi uongo, hajui. Lakini nani atamuamini?

Jana nilienda ku kaburi, nikachora alama moja moja kama ninavyoziona: 4 1 0 7 7 G. Angalia mu kitabu. Kama iko pale na jina la Mugiriki, nitaking'oa kwa mikono yangu, nikipeleke Fizi, niseme yote mbele ya baba yako. Kama haiko, usinitume kukitoa. Mutoto hana andiko lingine.

Musalimie Félicité. Jibu mbio, mupe barua muntu wa mashua ya Jumamosi. Nitakuwa pale ku maji tangu asubui.

Mimi mama yako,
Mama Raphaël na Constance