Nyumba Hujengwa na Nani

Kitengela, Alhamisi usiku

Leo angalau nitalala. Wiki nzima nimekuwa nikijigeuza kitandani kwa sababu ya Mumbua. Binti yangu alisomea uashi, na alikuwa ameapa kwamba akikataliwa tena atauza vifaa vyake aende kufulia watu nguo.

Asubuhi nilimsindikiza kwa Mzee Kamau, anayejenga nyumba za kupangisha. Akamwangalia yeye, kisha mimi. "Baba Mumbua, si ungeniletea kijana? Kujenga ni kazi ya mwanaume."

Mumbua akaanza kufunga mkoba.

Jirani wa Kamau, nyanya wa Kimaasai aitwaye Koko Naisiae, alikuwa amemletea maziwa. Alicheka hadi akaweka mtungi chini. "Kamau, kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Yangu nimejenga mimi. Mwanaume akishika hiyo matope, tunauliza kama bibi yake amekufa."

Mzee akacheka pia. "Basi aanze na ukuta wa nyuma. Huko watu hawaoni."

Ukuta ni ukuta.

Ajabu ni kwamba kazi ileile, ukivuka ua mmoja tu, inaacha kuwa ya mwanaume inakuwa ya mwanamke, na kila upande unaapa ni Mungu aliyepanga hivyo.

Kwa furaha nikawakaribisha githeri ya mahindi na maharagwe niliyokuwa nimembebea Mumbua. Koko akaonja, akauliza nani amepika. Nikasema ni mimi.

Akaacha kutafuna. "Hiyo sasa," akasema, "imezidi."

Lakini aliimaliza. Mumbua anaanza kesho, na maharagwe nimeshaloweka.