Sahihi Yako kwenye Karatasi ya Glovu

Mzee Mligo,

Kamwene. Tangu tukuzike Uwemba sijarudi kaburini kwako, na sina udhuru zaidi ya aibu. Nakuandikia nikiwa nyumbani Makambako, asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu kazi sina tena. Sina mimi, wala hawana akina mama wote wa meza za kuchambulia maparachichi. Kesi tumeshindwa.

Unajua tulivyoanza. Habari ya mashine ya kuchambua hukuipata kwa meneja, uliipata kwa dereva wa lori aliyetumwa kuifuata bandarini. Ulikuja mezani kwangu umevua kofia, ukasema, "Katibu, chukua kalamu." Tukaandika kwamba mashine hatuikatai, ila tuulizwe kabla haijaamuliwa nani abaki na nani aondoke, kama sheria inavyotaka. Meneja akajibu kuwa hayo yanaamuliwa makao makuu, Ulaya. Makao makuu wakajibu kuwa mambo ya wafanyakazi anayamaliza meneja wa huku. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hawa wanarushiana sisi kama kiazi cha moto," ulisema.

Kikohozi kile hakikuisha. Siku chache kabla hatujakupeleka hospitali ya Ikonda tuliitwa bwaloni. Afisa utumishi akaeleza habari za glovu mpya na gambuti, tukanywa soda, ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Ulisaini wa kwanza, kama mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Mimi nikaizungusha meza kwa meza, nikiwahimiza wenzangu wasaini upesi turudi kazini.

Hukurudi kutoka Ikonda. Matanga yako hayajapoa, barua za kupunguzwa kazi zikatoka. Hakuna aliyetuuliza neno. Tukapeleka mgogoro Njombe kwa msuluhishi. Kampuni haikulegea, shauri likaenda kwa mwamuzi. Wakili wao, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, akatoa ile karatasi yetu ya bwaloni. Juu yake ilikuwa imebanwa nyingine, imechapwa: Kikao cha Mashauriano kuhusu Kupunguza Wafanyakazi. Chini yake majina yetu. Sahihi yako ya kwanza.

Nikasema kile kilikuwa kikao cha glovu. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Wewe ndiye katibu wa tawi?" Nikasema ndiyo. "Tusomee muhtasari wa siku hiyo."

Mzee, nisikilize hapa.

Siku ile, tulipokuwa tunatoka bwaloni, ulinishika bega, unahema, ukaniuliza, "Katibu, umeandika?" Nikakujibu, "Nimeandika, Mzee."

Sikuandika. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia, glovu nazo ni za kuandikwa? Ukaitikia kwa kichwa, ukaniamini, ukaenda zako. Umekufa unajua kimeandikwa.

Mbele ya mwamuzi nilifungua daftari. Kikao cha kabla yake kipo. Cha baada yake kipo. Nikafunua na kufunua, kama vile maneno yangeweza kuota yenyewe. Wakili hakunicheka. Alisubiri tu, kisha akakaa. Mwamuzi akaandika kuwa tulishirikishwa.

Labda hata ningeandika tungeshindwa. Wengine wananifariji hivyo. Lakini wao hawajui ulichoniuliza.

Mashine inafanya kazi. Ukipita barabarani unaisikia. Mama Upendo, aliyekuwa ananichekesha meza ya pili, amerudi Wanging'ombe kulima mahindi ya wazazi wake. Hakuniaga. Kuna rufaa, wanasema, lakini nikiita kikao wanakuja watatu, na wawili wanakaa wanatazama mlango.

Hayo yote ningeyabeba. Lisilobebeka ni hili: wanasema ulituuza. Wanasema Mzee alijua anakufa, akatia sahihi ili watoto wake waangaliwe. Nimelisikia sokoni, nimelisikia nje ya kanisa, na nilinyamaza, Mzee. Nilinyamaza kwa sababu wakikulaumu wewe, mimi hawanitazami. Wiki iliyopita mke wako alikuja Makambako kuuza maharage, akarudi na gunia lake jinsi lilivyo. Wanawake aliowapikia wakati wa uchaguzi wa tawi walipita mbele yake kama hawamjui.

Sina la kukuahidi kuhusu kiwanda. Nimejitafutia tumaini humo sikulipata, na sitaki kukudanganya mara ya pili. Ahadi yangu ni moja. Jumapili hii, wakitoka misa, nitasimama mbele yao niseme kwamba kile kilikuwa kikao cha glovu, na kwamba uliniuliza kama nimeandika, nami nikakudanganya. Kisha nitapanda Uwemba kwa mke wako nimwambie hayo hayo, nikiwa nimesimama nje, mpaka aseme mwenyewe kama niingie.

Pumzika, Mwenyekiti. Sijui kama atanifungulia.

Katibu wako,
Mama Tumaini