Alama Nyekundu Karibu na Mfereji

Wandegeya, Kampala
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile presha imetulia tangu ubadilishiwe dawa. Vikapu vya harusi umevimaliza? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila miguu inaniuma kwa kutembea.

Ile kazi ya ramani niliyokutajia tumekuwa tukiifanyia majaribio mtaa wa Namuwongo. Kila mmoja wetu anatembea na simu. Akiona kichochoro, bomba la maji au choo anakitia kwenye ramani, na wenzake wote wanakiona papo hapo. Nia ni kwamba maafa yakitokea, waokoaji wajue pa kupita. Nyumba ya mtu asiyeweza kutembea tunaitia alama nyekundu.

Nilipangwa na Abwola, kijana wa kambi ya polisi, mcheshi lakini mbishi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ukuta akafoka, "Sumayiya, ramani inasema hapa ni njia! Tupite juu kama paka?" Wenyeji wakacheka, kisha mama mmoja muuza mkaa akatuonyesha upenyo nyuma ya kibanda chake. Tukaufuta ule mstari, tukachora wa kwake.

Upenyo huo ulitufikisha kwa bibi mmoja mjane, anayeishi peke yake kando ya mfereji. Magoti yamemlemaa, anajongea kwa kushika ukuta. Alitukaribisha chai, lakini jina alikataa kulitaja. Alisema, "Andika bibi, basi. Hakuna anayenitafuta." Nikatia alama nyekundu, tukaaga.

Alhamisi, tukiwa bado kazini, mvua kubwa ikanyesha na mfereji ukafurika. Abwola alikuwa upande wa reli na vijana wa uokoaji. Aliiona alama yangu kwenye simu, akawaongoza kupitia kwa muuza mkaa. Mimi nilipofika, nilimkuta anatoka amembeba yule bibi mgongoni, maji yakimfika kiunoni, naye bibi anamsihi, "Polepole, mwanangu." Haukupita muda ukuta wa nyumba ile ukaanguka. Nilikaa kwenye matope, Mama, nikalia kwa kumshukuru Mungu.

Bibi hakuwa na pa kwenda, nikamleta chumbani kwangu. Jana uliponipigia, nilikuweka kwenye spika huku nakoroga uji, tukaongea Kinubi chetu. Tulipomaliza, nikamwona amefunika uso kwa mtandio. Akaniuliza, "Huyo si Sharifah? Bado anacheka vile vile?"

Mama, kaa chini kabla hujaendelea. Ni Habibah, mdogo wako, yule aliyeondoka hapo Bombo akaolewa na askari Otema bila ridhaa ya Babu, na Babu akakataza asitajwe nyumbani. Otema alifariki zamani. Habibah aliogopa kurudi, akiamini hakuna anayemtaka. Nilimwambia kwamba kila Idi unapakua sahani moja zaidi na hutaki kuulizwa ni ya nani. Alilia mpaka nikaogopa.

Hakutaka uambiwe kwa simu, akihofia moyo wako ukiwa peke yako. Ndiyo maana nimempa Kasim, dereva wa Bombo, barua hii akuletee mkononi. Nawashukuru Abwola, yule mama wa mkaa, na wote waliotembea nasi juani.

Wasalimie majirani wote. Gari la Kasim linarudi Kampala leo hii, na nimemwambia kiti cha mbele asimpe mtu. Mama mdogo ameshaoga, ameketi mlangoni, na chai amekataa kunywa mpaka ufike.

Mwanao akupendaye,
Sumayiya