Mfalme Asiye na wa Kumfunika

Mgori, Jumapili, Novemba. Joto la kunata. Mawingu yamejazana tangu asubuhi na hayataki kunyesha.

Wewe Kelvin, najua unasoma haya ninayoandika mtandaoni, Rehema kaniambia. Basi soma vizuri: maiti hachekwi. Ungekuwa mjukuu wangu wa damu ningekuvuta sikio mbele ya wale Wazungu wote. Usirudie tena.

Haya. Sasa niandike yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa Misri. Rehema, mjukuu wangu, anasoma udaktari Kairo na alitaka nimwone kabla hajamaliza. Mimi niliyeishia darasa la nne nimepanda ndege, na sikuogopa. Anayesema nilimng'ang'ania jirani yangu wa kiti mkono ni mwongo.

Nimerudi juzi. Watu wanakuja kunisalimia, wanataka habari za ngamia. Habari za ngamia ninazo. Lakini kuna kitu kimenikaa kifuani na hakitoki.

Siku yenyewe ilikuwa moja tu. Rehema na huyo Kelvin, kijana wa Dar anayesoma naye, walinichukua asubuhi kwenda kwenye mapiramidi. Mimi ni mtu wa Singida, nimezaliwa katikati ya mawe, jiwe halinitishi. Ila haya yamepangwa na watu. Nilisimama chini nikawaza migongo yao. Yule mtembeza wageni alitaja wafalme mpaka koo likamkauka, migongo hakuitaja.

Tukaingia ndani. Ni kanjia kembamba, kanapanda, unakwenda umeinama. Kelvin anahema nyuma yangu kama ng'ombe mgonjwa.

"Bibi, hebu tupumzike. Wewe huchoki?"

"Nimepalilia mtama tangu sijavunja ungo, kuinama ndiyo kutembea kwangu. Songa, unazuia watu."

Juu kuna chumba. Ndani ya chumba kuna sanduku la jiwe, na ndani ya sanduku hamna kitu. Nikamuuliza Rehema, mwenyewe yuko wapi? Akasema hajulikani alipo. Alitolewa zamani, na aliyemtoa hajulikani.

Mlima wote ule, na mwenyewe hayumo.

Nikaegemea ukuta. Wakadhani nimechoka. Nilikuwa nimerudi huku Mgori.

Mume wangu Athumani kazikwa kando ya korongo. Tulipomzika korongo lilikuwa mbali, mbuzi walikuwa wanachungwa hapo katikati. Kila mvua inakata kipande. Sasa ukisimama kwenye kaburi unaliona korongo lote hadi chini. Mwanangu mkubwa, Ramadhani, alinisumbua mwaka jana wote: mama, tumhamishe baba kabla hajachukuliwa na maji. Shehe naye kasema kwa dharura kama hiyo inaruhusiwa. Nikamwambia, Shehe, ruhusa ni yako, mume ni wangu. Nikaapa kwamba jembe halitamgusa nikiwa hai. Ramadhani akanuna, na tangu hapo hajakanyaga kwangu.

Mchana wakanipeleka makumbusho, kule wanakowaweka wafalme waliopatikana. Kamelazwa kazee ndani ya kioo, kadogo, keusi. Kana nywele. Kana kucha. Mdomo uko wazi kidogo, kama mtu aliyesinzia akingoja chakula. Watu wamezunguka wanamwinamia, na Kelvin naye kichwa juu ya kioo:

"Cheki babu alivyokauka! Kama kambale!"

Hapo ndipo nilipovua khanga ya juu nikaitandika kwenye kile kioo. Nikamsalimia yule mzee kwa Kinyaturu, maana Kiarabu sikijui, nikampa pole. Askari akaja mbio. Hakunitukana, akaikunja vizuri akanirudishia, akasema neno.

Rehema, kichwa chini, akanitafsiria: "Bibi, anasema watu wamelipa kuona."

"Mwambie na mimi nimelipiwa. Mimi nataka asionekane."

"Bibi, jamani, twende."

"Hana mke huyu? Hana mtoto?"

"Walishakufa wote, Bibi. Zamani sana."

Kumbe ndiyo hivyo. Jiwe halikumlinda. Alikosa tu mtu wa kumfunika, kila aliyemjua aliondoka.

Leo asubuhi nimekwenda korongoni. Nilipokuwa safarini kumenyesha mvua moja, ya mapema. Jiwe la upande wa miguuni halipo. Nimechungulia, liko chini kwenye mchanga, na watoto wa jirani walikuwa wamelikalia wakicheza. Nimewafukuza kwa matusi mpaka nikaona haya. Wamekosa nini? Wamekuta jiwe.

Siku watakayokuta zaidi ya jiwe, watafanya nini? Watachungulia. Watoto ndivyo walivyo. Hata Kelvin ni mtoto tu, na anasomea udaktari.

Niseme ukweli, hapa sina wa kumdanganya. Nilikataa kwa kisingizio cha heshima. Ilikuwa hofu. Athumani nilimwona mara ya mwisho amekwisha oshwa, uso umetulia, kisha wanaume wakambeba na mimi nikabaki ndani na wanawake, kama desturi ilivyo. Ndiyo sura niliyonayo. Sitaki nyingine. Naogopa jembe litanipa nyingine, na hiyo ndiyo nitakayofia nayo.

Bado naogopa.

Ila nikifa mimi kabla korongo halijamfikia, atafunikwa na nani?

Ramadhani, acha kununa, mtu mzima mzima na mvi zako. Jumamosi uje, kabla mvua haijachanganya. Njoo na jembe na wadogo zako, usiniletee vibarua. Simu zote mtaziacha ndani, nitakayemwona na simu nitamtupa yeye korongoni. Mwambie Shehe aje asome. Chimbeni kwenye mwinuko, nyuma ya nyumba yangu, penye mwamba, na pembeni yake muache nafasi yangu. Sanda mpya ninayo.

Na ile nguo mnayotandaza juu ya kaburi mkimteremsha maiti ili asionekane, mshike pembe tatu. Ya nne mniachie mimi.