Uso wa Kwenye Karatasi ya Kura

Mbuba, Ngara,
Kagera.
Jumapili, 21 Juni 2026.

Mpendwa binti yangu Jovitha,

Marahaba, mwanangu. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua bahasha hii utaitoa shikamoo yako peke yako huko Mtwara, na mumeo atadhani umechanganyikiwa. Hujambo lakini? Fabrice hajambo? Na Anneth wangu, meno yameshaota au bado anang'ata watu kwa fizi? Joto la huko linawatendeaje, ninyi watoto wa milimani?

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Vumbi la kiangazi lilituletea mafua nyumba nzima, yameshaondoka. Maharage tumevuna vizuri. Migomba ya upande wa bondeni imeguswa na mnyauko, tukang'oa iliyougua na kuifukia. Baba yako alikuja kutoka Nyantakara kunisalimia. Kaka yangu amenenepa, na ukimwambia hivyo anakasirika.

Ningeweza kukupigia simu, ila asante niliyo nayo ni ndefu, na kwenye simu kila nikianza unanikata na "usijali shangazi". Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na mabango yangu ya kwanza. Diwani wetu alipofariki na uchaguzi mdogo ukatangazwa, nami nikachukua fomu, nilimpa kijana wa studio mjini ile picha ya harusi ya jirani yetu Consolatha, nimevaa wigi na hereni kubwa. Akanisugua uso kwa kompyuta mpaka mikunjo yote ikaisha, akanifanya mweupe pee. Nilijiona malkia! Tukabandika kila duka. Siku ya gulio, Bibi Secilia, ambaye ananifahamu tangu nilipoolewa hapa, akasimama nami mbele ya bango akaniuliza, "Huyu mama mgeni naye anagombea nini? Tusimpe, sisi tuna wewe." Nilicheka mbele yake, lakini liliniuma.

Wewe, ambaye kazi yako ni kuchora mabango, ulipoliona langu kwenye kundi la ukoo hukunisifu. Ulinipigia ukauliza kitu kimoja tu, kwamba kwenye fomu ya uteuzi nilipeleka picha gani. Nikakwambia ni ile niliyopiga wiki ya kuondoa matanga ya mume wangu Ferdinand, nimenyoa kichwa chote kama desturi yetu, macho yamevimba. Ukasema basi hiyo ndiyo itakayochapwa kwenye karatasi ya kura, na wazee wasiosoma watamtafuta yule mama wa hereni, wasimwone. Muda wa kubadilisha fomu ulikuwa umepita.

Ukataka mabango yote yafanywe upya kwa picha ile ya msiba. Hapo nilikufokea, na ninavyofoka unanijua. Kwangu mimi kichwa cha mjane ni cha ndani ya nyumba. Niliona watu watasema nimeufanya msiba mtaji wa kura, na wakwe zangu watakuwa wa kwanza. Tena sikutaka kuonewa huruma. Nilitaka kuchaguliwa kwa sababu zahanati ya kijijini kwetu ina kuta haina paa, na Ferdinand alikata roho juu ya pikipiki tukikimbilia hospitali.

Hukubishana nami. Ulisema tu, "Shangazi, muulize mama mkwe." Nilikwenda shingo upande, picha ikiwa kwenye simu. Mama Domisiana alinisikiliza, akaisukuma simu pembeni bila kuitazama ile picha. Kisha akasema, "Kichwa hicho ulikinyoa kwa ajili ya mwanangu. Kama kinaweza kuezeka zahanati, kibandikeni. Muanzie mlangoni kwangu." Nikakutumia neno moja: tengeneza.

Na ukatengeneza, mwanangu! Rangi nyeupe nyuma, uso wangu umejaa bango zima, jina la Clotilda kwa herufi anazosoma hata mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli, na chini yake maneno mawili: Paa kwanza. Mimi nilitaka uongeze barabara na mbolea, na mkono wangu ukipunga. Ukakataa katakata. Asante kwa kunikatalia, maana ningelijaza bango kama kapu la sokoni.

Mpinzani wangu Xavery alikuwa na bango refu kuliko nyumba, amesimama mbele ya daraja zuri ambalo hakuna mtu wa kata hii aliyewahi kulivuka. Kila mkutano watu wakamuuliza mto wake uko wapi, mpaka nikamwonea imani. Ni mtu mwema, aliyemtengenezea ndiye aliyemponza.

Asante pia kwa ile video. Ulikataza muziki, ukamwambia Frida wetu wa hapa nyumbani anirekodi nikiwa nachambua maharage huku nazungumza. Ilizunguka kwenye simu za watu mpaka redio ya huku ikaniita. Baada ya hapo kila nilikopita watu walikuwa wakinisimamisha chini ya bango, wakinisimulia wagonjwa wao waliofia njiani. Ile huruma niliyokuwa naiogopa, kumbe haikuwa yangu peke yangu.

Basi Jumapili iliyopita tukapiga kura, na jioni matokeo yakabandikwa. Shangazi yako ni diwani! Simu ile niliyokupigia ilikuwa ya vigelegele tu, sidhani kama ulisikia neno. Xavery mwenyewe alikuja kunipa mkono. Sasa naogopa, nakwambia kweli, kwa sababu paa halijiezeki na watu watanidai. Niombee.

Frida anakusalimu, anasema umlipe kwa kitenge. Consolatha na Bibi Secilia wanakusalimu. Baba yako amesema umpigie, asikusikie kwangu tu. Maharage niliyomkabidhi dereva wa basi ni ya Anneth, usiyagawe kwa majirani.

Kuna jambo moja nililoliacha makusudi, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ya kura Mama Domisiana alikaa sana ndani ya kibanda cha kupigia kura, mpaka wasimamizi wakawa wanamwita kwa upole. Watu walipoondoka nyumbani nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema bango la mlangoni kwake alikuwa akilipita ameinama, hakuweza kuitazama picha ya msiba ule. Lakini kwenye karatasi ya kura ilimbidi anitafute. Akaniona, akaniwekea vema, kisha akabaki ananitazama. Akanishika mkono akasema, "Siku zile nilijua nimefiwa mimi. Leo ndiyo nimeona kwamba na wewe ulifiwa."

Tulilia, Jovitha, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tukiwa pamoja. Kwa hilo peke yake, hata kura zingenikataa, barua hii ningekuandikia.

Mungu aibariki mikono yako na nyumba yako, akukuzie Anneth.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukushukuru,

Clotilda